Fundi Anajibu: Betri ya Rimoti ya Gari Imekata

Maswali ya giaboksi na bering nimeyasogeza toleo lijalo mana safari hii meseji zimejaa rimoti tupu. Imekata betri, haisomi, fundi kasema inataka programu mpya, mtoto kaichezea, imeingia maji. Yanayofanana nimeyaunganisha, kwahiyo usipoona jina lako soma tu, jibu lako limo humu.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota ya kuwasha kwa kitufe. Juzi nimetoka kununua vitu vya nyumbani nafika kwenye gari nabonyeza rimoti kimya, nashika kitasa kimya. Mlinzi akasema tuvunje kile kioo kidogo cha nyuma, kijana mwingine akampigia fundi wake, fundi akataka laki mbili na nusu eti rimoti imejifuta lazima iandikwe upya. Ikabidi mume wangu aje na funguo ya akiba ndo nikaondoka. Kweli rimoti inajifuta? Na siku mume wangu yuko safarini nafanyaje? – Mama Wawili, Mbezi

JIBU: Marahaba mama, pole sana na usumbufu. Kioo mmefanya vizuri kukiacha, mana kile kidogo cha nyuma kwa baadhi ya magari ni kazi kukipata kuliko hata kile kikubwa cha mlango.

Rimoti haijifuti. Kumbukumbu yake ipo ndani ya chipu na haitegemei betri, unaweza ukatoa betri ukaacha rimoti mezani wiki nzima, ukirudisha inaijua gari yake vilevile. Kuna baadhi ya magari ya zamani, hasa ya Ulaya, ambayo ukibadili betri yanataka uwashe swichi na ubonyeze rimoti ili vikumbushane, ila hilo unalifanya mwenyewe umekaa kwenye siti, sio kazi ya laki mbili na nusu.

Sasa shika hili mana majibu mengi huko chini yanaanzia hapa. Hiyo funguo yako ni vitu viwili ndani ya kava moja. Kimoja ni rimoti, ndo inayokula betri, ndo inayofungua milango na kuongea na gari ukiwa umesogea. Cha pili ni chipu ya imobilaiza, yaani ile kinga ya wizi inayozuia gari isiwake kwa funguo isiyo yake, na hii haina habari na betri kabisa. Umeme wake inapewa na gari, kuna koili kwenye kitufe cha kuwashia, au kuzunguka tundu la swichi kwa zile gari za kuzungusha funguo, inatoa mawimbi ya masafa ya chini kama kHz 125 hivi, chipu ikisogea sentimita chache inapata kaumeme ka kuitosha kutaja namba yake, gari ikiikubali namba inawaka. Kwahiyo betri ikifa umepoteza starehe ya kubonyeza ukiwa mbali, kuondoka utaondoka.

Siku ikikutokea tena angalia pembeni ya rimoti kuna kidude cha kusukuma kwa kidole gumba, sukuma hapo uvute, itatoka funguo ya chuma. Tundu lake liko mlango wa dereva. Kama hulioni tazama kwenye kitasa chenyewe, magari mengine wameliziba na kifuniko cha plastiki cha rangi ya gari na unakibandua taratibu kwa kutokea chini. Ukifungua kwa chuma alamu inaweza kulia na watu wote wakageuka kukuangalia, waache waangalie, itanyamaza gari ikiwaka. Ingia, gia iwe kwenye P, kanyaga breki, kisha chukua rimoti ule upande wenye nembo ya Toyota uuguse kwenye kitufe cha kuwashia. Itapiga mlio. Ukisikia mlio bonyeza hapohapo mana inakusubiri sekunde chache tu. Subaru na Mazda ni kugusisha hivyohivyo, ila Nissan X-Trail za toleo la T31 na zile Prius za zamani zina tundu kabisa kwenye dashibodi, unachomeka rimoti nzima.

Ila nakuomba ufanye zoezi hili nyumbani wikiendi hii, usisubiri usiku wa mvua. Gari nyingi zinazotoka Japani hiyo funguo ya chuma haijazungushwa mlangoni miaka na miaka, kitasa kimejaa vumbi, unakuta inaingia ila haizunguki. Puliza dawa ya kulainisha kidogo, ingiza na kutoa mara kadhaa bila kulazimisha, ukilazimisha itakatikia ndani. Na wapo wanaovuta kile kidude wanakuta hamna kitu, funguo ya chuma ilibaki hukohuko Japani na gari ikaja na rimoti tupu! Kama na wewe ni hivyo nenda kwa fundi funguo akuchongee mapema ukiwa huna haraka, ukienda ukiwa umekwama atakuona umekwama na bei itajua hilo.

SWALI: Fundi mambo vipi. Gari yangu ni ya funguo ya kuzungusha, yenye vitufe vya kufungulia milango palepale kichwani. Kava lilipasuka nikanunua lingine zuri nikahamisha kila kitu mwenyewe, nikaweka na betri mpya. Milango inafungua freshi ila gari inapiga stata haishiki. Fundi wa kwanza kasema pampu ya mafuta, wa pili kasema plagi. Kabla ya hapo haijawahi kuniletea shida hata siku moja. – Dereva wa Nyakato, Mwanza

JIBU: Poa kaka. Achana na pampu, achana na plagi, kwanza niambie lile kava la zamani umelitupa wapi.

Hukuhamisha kila kitu. Kwenye funguo za aina hiyo bodi yenye vitufe na betri inakaa upande mmoja, na chipu ya imobilaiza mara nyingi inakaa peke yake upande mwingine, imechomekwa kwenye kijitundu ndani ya plastiki karibu na shingo ya chuma. Ni kipande cheusi kigumu, kwenye baadhi ya funguo ni kichupa chembamba cha kioo, hakina waya, hakina mguu, hakina maandishi ya maana, ukikiona unadhani ni plastiki ya kujazia nafasi. Watu wanakitupa na kava. Milango inafungua kwasababu bodi ya rimoti ipo, stata inapiga kwasababu Toyota na wengi wengine hawazuii stata, wanazuia mafuta na moto. Kwahiyo injini inazunguka mpaka betri ya gari inachoka na haishiki.

Angalia dashibodi, kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa gari ikiwa imezimwa, nyingine ina mchoro wa funguo au gari yenye kufuli. Ukiwasha swichi kwa funguo inayotambulika hiyo taa inazimika. Yako nadhani haizimiki. Sasa kaifukue hiyo takataka, lichunguze kava la zamani kwa tochi upande ule usio na bodi, chipu ukiiona ibandue kwa ncha ya wembe taratibu na usiibane na koleo mana ya kioo inapasuka. Kwa majaribio ya haraka shika kava la zamani lenyewe liguse kwenye tundu la swichi huku unazungusha funguo mpya, ikiwaka umepata mchawi.

Kama kava limeshaenda na gari la taka, hapo ndo fundi funguo anakula hela yake halali, atakutengenezea chipu nyingine na kuisajili kwenye gari. Ukiwa na funguo ya akiba nenda nayo, kazi inakuwa nyepesi na bei inashuka. Na niseme pia sio kila gari ya Japani ina imobilaiza, matoleo mengi ya bei nafuu yaliuzwa kule bila, hizo unachonga chuma tu na gari inawaka. Fundi akikuambia chipu lazima wakati hiyo taa hujawahi kuiona, muulize vizuri.

SWALI: Habari fundi, rimoti yangu inatumia betri ya CR2032, duka la hapa hawakuwa nayo, muuzaji akanipa CR2016 mbili akasema ukizibandika pamoja ni sawasawa. Kweli zimeingia na kava limefunga vizuri sana. Kuna shida? – Kijana wa Sakina, Arusha

JIBU: Zitoe sasa hivi, kusoma utaendelea baadae.

Zile namba ni vipimo. C ni aina ya kemikali yaani lithiamu na manganizi, R ni duara, 20 ni upana wa milimita 20, na 32 ni unene wa milimita 3.2. CR2016 ni milimita 1.6, kwahiyo mbili ni 3.2 kamili, ndo mana kava limefunga vizuri na muuzaji kajiona mtaalamu. Tatizo ni kwamba kila moja ina volti 3, umezipanda moja juu ya nyingine umepata volti 6 kwenye bodi iliyotengenezwa kwa 3. Nyingine zinavumilia kidogo, nyingine zinaungua palepale, na ikiungua hapo ndo utalipia ile rimoti mpya ambayo hukuwa unaihitaji.

CR2025 moja mahali pa CR2032 ni afadhali mana volti ni zilezile, ila ni nyembamba kwa milimita 0.7 itacheza cheza ndani, ukidondosha rimoti inakata, ukipiga kofi inarudi. Kwa siku mbili tatu sawa. Usinunue pia zile za kuchaji zinazoandikwa LIR2032, zikijaa zinafika volti 4.2.

Mimi huwa nawashauri wasome namba kwenye betri ya zamani na sio kuuliza "betri ya Toyota" au "betri ya Nissan", mana Toyota hiyohiyo kuna za CR2016, CR1632 na CR2032 kutegemea mwaka na funguo. Na kama duka halina, mafundi saa wanazo karibu kila mji, na ukikwama kabisa fungua ile kompyuta ya mezani iliyokufa iliyolala stoo, kwenye mazabodi yake, ile bodi kubwa ya ndani, kuna CR2032, pengine ina nguvu ya kukufikisha.

SWALI: Salaam aleikum fundi. Nimetia betri mpya kwa rimoti na bado yanisumbua, mara yafungua mara haifungui. Nimeipima kwa kamera ya simu kama vile twapima rimoti ya tivii sioni mwanga wowote. Ndio imekufa? – Mwana wa Likoni, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kamera ya simu inapima rimoti ya tivii kwasababu ile inatumia mwanga wa infraredi. Ya gari ni mawimbi ya redio, hata ikiwa nzima kama ilivyotoka kiwandani kamera haitaona kitu. Kwahiyo kipimo hicho kisikuvunje moyo.

Anza na betri yenyewe. Mpya ya dukani sio lazima iwe na nguvu, kuna zilizokaa rafu miaka na kuna feki. Mpe fundi umeme aiweke mita, nzima inasoma kati ya volti 3.0 na 3.3, ikiwa chini ya 2.8 irudishe ulikoitoa. Alafu tazama vile vibati viwili vinavyoshika betri, bisibisi ikipita vibaya vinalala na kuacha kugusa, viinue kidogo kwa ncha ya kisu, kidogo kweli. Vifute na pamba yenye spiriti, na betri pia ifute mana mafuta ya vidole yanakaa juu yake. Kuna betri zinazopakwa kitu kichungu ili mtoto aziteme, zile zinasumbua kwenye baadhi ya rimoti, sugua pale vibati vinapogusa. Na hakikisha ule upande wa jumlisha umekaa palipochorwa jumlisha, hili nalitaja mana ndo la kwanza ninalolikuta mezani kwangu.

Ikishindikana hapo jiulize inasumbua wapi. Kama ni sehemu moja tu, karibu na mnara au kambi fulani, na ukisogea mtaa wa pili inafanya kazi, basi rimoti haina kosa, mawimbi yanagongana. Kama ni kila mahali angalia betri kubwa ya gari, mana ikiwa imelala gari haina nguvu ya kusikia na wewe unailaumu rimoti. Fungua kwa funguo ya chuma, taa ya ndani ikiwa hafifu au haipo, tafuta waya za kubusti.

Umeandika pia mwishoni mwa meseji yako kwamba kuna jamaa anakuuzia rimoti kama hiyohiyo iliyotoka kwenye gari ya Ulaya. Usinunue kwa kuangalia sura. Gari za soko la Japani rimoti zake nyingi ziko maeneo ya MHz 312 hadi 315, za Ulaya ziko 433.92, kava pacha, vitufe pacha, na hazitasikilizana mpaka kiyama. Tena nyingi zikishaandikwa kwenye gari moja haziandikwi kwenye nyingine kirahisi.

SWALI: Kaka habari za huko, nipo Muscat. Rimoti ninayotumia iko poa, ile ya akiba imekaa droo ya kitanda haijaguswa mwaka na zaidi, juzi naichukua imekufa. Inaishaje bila kutumika? – Msomaji wa Muscat

JIBU: Njema kaka. Kama ni ya gari ya kitufe, hiyo haijalala, inasikiliza muda wote kama gari inaiita. Kitabu cha Toyota chenyewe kinasema betri ni mwaka mmoja mpaka miwili na inaisha hata usipoitumia. Wanasema pia iwekwe mita moja mbali na tivii, kompyuta, simu inayochajiwa na majiko ya induksheni, mana hivyo vinaiamsha. Nina hakika hiyo droo yako juu yake kuna chaja ya simu.

Kwa Toyota nyingi za karibuni kuna njia ya kuilaza: shikilia kitufe cha kufunga, huku umekishikilia bonyeza cha kufungua mara mbili, kale kataa kadogo ka kwenye rimoti katapepesa mara nne. Ikishalala haifungui mlango kwa kuushika, kuiamsha bonyeza kitufe chochote. Na usiiache kwenye dashibodi na jua la huko, joto linamaliza betri hizi upesi.

SWALI: Fundi, mtoto wangu wa miaka miwili anapenda sana kuchezea funguo ya gari na juzi nimekuta kava liko wazi, betri nikaiona chini ya kochi. Je akiimeza itatoka yenyewe chooni kama shilingi? – Mama Junior, Dodoma

JIBU: Hapana dada. Betri ya upana wa milimita 20 kwa mtoto mdogo inaweza kukwama kooni kwenye njia ya chakula, na ikikwama umeme wake ukikutana na unyevunyevu unatengeneza alkali inayochoma nyama, ndani ya saa 2 tu inaweza kuwa imeshaumiza vibaya. Hata ile ambayo rimoti imeikataa bado ina volti za kufanya hivyo, kwahiyo usimpe achezee "mana imekufa".

Ukihisi kameza, hata kama hujamuona, hata kama anacheka, ni hospitali muda huohuo, sema neno betri pale mapokezi na omba eksirei. Usimtapishe wala usimpe chakula. Kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja kama anameza vizuri na hazijapita saa 12, mnaweza kumpa asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara 6, inapunguza kuungua. Mkiwa njiani nimesema, msikae nyumbani kutafuta asali. Mtoto chini ya mwaka asipewe asali.

Hilo kava lililoachia lifunge na gundi ya tepu leo, kesho tafuta jipya. Na ukinunua soma jibu la kaka wa Nyakato hapo juu kabla ya kutupa la zamani.

SWALI: Niliingia baharini na funguo mfukoni Nungwi, nimeiweka kwenye mchele siku ya pili sasa. Niendelee? – Mgeni wa Unguja

JIBU: Mchele kaupike. Chumvi ndo adui na mchele hautoi chumvi. Fungua kava, toa betri uitupe, suuza bodi kwa maji safi ya baridi, alafu mimina spiriti ya asilimia kubwa uisugue na mswaki laini kwenye vile vitufe na kwenye vibati, mpaka yale mabaki meupe na ya kijani yaondoke. Iache kivulini kwenye upepo mpaka ikauke kabisa, sio juani kwenye kioo cha gari. Weka betri mpya. Vitufe vikigoma bado chipu ina nafasi kubwa ya kuwa nzima, kwahiyo jaribu kuwasha gari kabla hujamuita mtu.

SWALI: Fundi nitajuaje inakaribia kuisha kabla haijaniumbua? – Kutoka kwa wasomaji kadhaa

JIBU: Umbali unapungua. Zamani ulikuwa unafungua ukiwa mlangoni kwako, saivi mpaka usogee usimame pembeni ya gari na ubonyeze mara tatu. Kale kataa kwenye rimoti kanakuwa hafifu, na gari za kitufe nyingi zinakuandikia kwenye dashibodi au zinapiga mlio ukizima injini, wengi wanausikia miezi wanadhani ni mkanda. Ukiona moja kati ya hayo nunua betri mbili za namba yako, moja weka, nyingine iache kwenye pakiti yake ndani ya waleti na sio ndani ya gari, mana ukiwa umefungiwa nje ya gari ile ya ndani ya gari itakuangalia tu kupitia kioo.